Bia ing'ae, hewa isiingie

Najua niliahidi kuandika juu ya magazeti ya bure yanayoachwa kwenye viti vya mabasi ya hapa Leeds. Yatangoja. Leo nina habari ya bia, tena si ya baa wala ya dukani, ni ya kupikwa nyumbani, na hasa zile siku chache za mwisho ambapo mpishi anataka mashapo yashuke chini na kinywaji kibaki kinang'aa. Walokole na maustadhi mnaopita kibarazani hapa mnivumilie. Chukulieni ni kipindi cha kemia cha kidato cha tatu.

Hapa Uingereza, tangu mwaka 1963, mtu anaruhusiwa kupika bia yake nyumbani bila leseni, mradi asiiuze. Kwa hiyo kuna maduka mazima yanayouza kimea cha shayiri kwa kilo, maua ya hopsi yaliyokaushwa (yale yanayoipa bia uchungu na harufu), hamira kwenye pakiti, ndoo zenye koki, na mipira ya kila unene. Wapenzi wa jambo hili wanabishana kama sisi tunavyobishana juu ya Simba na Yanga. Ningepita tu nje ya ulimwengu huo kama si mzee wa chini.

Mzee wa chini ndiye mwenye nyumba ninamopanga chumba. Ni fundi mstaafu wa reli, mjane, mtu wa maneno machache, na nilikuwa sijawahi kumsikia akiomba msaada wa kitu chochote. Ana mdogo wake aliyehamia Australia zamani sana. Mdogo mtu alikuwa anakuja, kwa mara ya kwanza tangu wamzike mama yao, na mzee alitaka kumpokea kwa bia aliyokuwa akiipika baba yao kwenye banda la nyuma: ile bia ya Kiingereza wanayoiita bitter, rangi ya shaba, uchungu wa kiasi, povu jembamba. Wote wawili wamepita miaka 70. Hakuna aliyesema kwamba safari hii huenda ikawa ya mwisho, lakini tiketi ya kutoka Darwin mpaka Manchester si nauli ya daladala.

Matatizo yalikuwa mawili. Mikono ya mzee siku hizi inatetemeka. Na bia yake iliyotangulia, aliyoipika Oktoba, ilikuwa imeharibika.

Iliharibika kwa namna ya ajabu. Niliionja mwenyewe mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Mwezi wa Novemba ilikuwa nzuri, inang'aa kiasi kwamba unaweza kusoma kichwa cha habari kupitia glasi. Kufika Krismasi ilikuwa bado inang'aa vilevile, ila rangi imekolea kama chai iliyosahaulika kwenye chupa, harufu ya hopsi imekufa, na ukimeza unabaki na ladha ya boksi lililonyeshewa mvua. Mzee alizilaumu hopsi. Kisha akalaumu maji ya bomba. Mwisho akamlaumu mwenye duka.

Sasa mwandishi wa habari ukishamtajia mtuhumiwa, lazima aende kusikiliza upande wa pili. Nikaenda dukani.

Mwenye duka ni mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha bia. Hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu: dawa ya kung'arisha, mzee anaitia vipi? Nikamweleza nilichokiona. Anafungua mfuniko wote, anamimina, anakoroga kwa mwiko mrefu kama anasonga ugali wa msiba, anafunga. Siku ya tatu anaitoa bia kwa mpira, ile ile staili ya kunyonya petroli kwenye tangi la gari, anaipeleka kwenye chupa, na kwa mikono ile mpira unachomoka, unarudi, bia inaruka na kutoa povu. Mama akatikisa kichwa akacheka. "Basi hopsi zangu hazina kesi," akasema. Mtuhumiwa wake alikuwa mmoja tu, naye yuko kila mahali: oksijeni.

Nijaribu kueleza kama nilivyoelewa. Hamira siku ya kwanza inaihitaji hewa. Wapishi huitikisa ndoo kwa makusudi, na hamira inatumia ile oksijeni kujijenga kabla haijaanza kula sukari. Ni mara hiyo moja tu. Uchachukaji ukishashika kasi, hewa ukaa inatoka kwa wingi na kuisukuma hewa nyingine yote nje ya ndoo. Kuanzia hapo, oksijeni yoyote itakayoingia haina mwenye kuila, maana hamira imeshiba na inakwenda kulala. Inabaki kuitafuna bia yenyewe. Inaanza na yale mafuta mepesi ya hopsi yanayoleta harufu, inageuza rangi, inaacha ile ladha ya karatasi. Si lazima itoe ukungu. Haitoi povu. Ukiangalia kwa macho huoni kitu, na mzee ni mtu wa kuangalia kwa macho.

Niliposikia habari hizi sikuamini kwamba hewa kidogo hivyo inaweza kufanya uharibifu mkubwa hivyo, nikachukua kikokotoo. Lita moja ya hewa ya kawaida ina kiasi cha miligramu 280 za oksijeni. Igawe kwenye lita 20 za bia na unapata miligramu 14 kwa kila lita, kama yote itayeyuka humo. Viwanda vikubwa vinapofunga chupa hulenga kubaki chini ya miligramu 0.1. Lita moja ya hewa ni nini? Ni chupa kubwa moja ya maji iliyo tupu. Ukifungua mfuniko wa ndoo na kukoroga kwa mwiko, umekaribisha zaidi ya hiyo. (Wapo wanaosema hewa ukaa ni nzito, inalala juu ya bia kama blanketi na kuilinda hata ukifungua. Yule mama wa dukani analicheka sana blanketi hilo. Gesi huchanganyika. Ukifungua dirisha, harufu ya dagaa haibaki sakafuni.)

Kuna na jingine ambalo lilinishangaza zaidi, kwa sababu linatokea hata kama hujafungua chochote. Ili bia itulie vizuri inabidi ipozwe. Mzee huitoa jikoni kwenye nyuzi 20 akaipeleka bandani, ambako Januari ni nyuzi 5 bila kulipia umeme. Hewa ikipoa inasinyaa. Juu ya bia ndani ya ndoo kuna nafasi ya kama lita 5, na kupoa kwa nyuzi 15 kunaisinyaza kwa asilimia 5 hivi, yaani robo lita. Hapo sijahesabu ile hewa ukaa inayozama ndani ya bia, kwani kinywaji baridi hubeba gesi nyingi kuliko cha moto. Nafasi hiyo lazima ijazwe na kitu. Kile kidude cha plastiki chenye maji kinachokaa juu ya mfuniko, kilichowekwa ili gesi itoke bila hewa kuingia, sasa kinafanya kazi kinyume: ndoo inavuta pumzi. Robo lita ya hewa ndani ya lita 20 ni miligramu 3.5 kwa lita. Mara 35 ya kile wanachokiogopa viwandani, na hapo mpishi amelala zake.

Turudi kwenye dawa zenyewe, maana hapa ndipo mie mtu wa Mwanza nilipokaa sawasawa kwenye kiti.

Bia mbichi ina ukungu kwa sababu ya vitu viwili vikubwa: chembe za hamira zinazoelea, na protini za shayiri zinazoshikana na vile vitu vikavu vinavyokaza ulimi, vya jamii moja na vya kwenye chai ya rangi. Hizo za pili ndizo zinazojitokeza bia ikipoa na kutoweka ikipata joto. Ukiacha bia kwa muda mrefu vyote hushuka vyenyewe. Dawa ya kung'arisha inaharakisha tu. Kazi yake ni ya umeme: chembe zina chaji hasi au chanya, dawa ina chaji ya kinyume, zinashikana, zinakuwa mabonge, mabonge mazito yanashuka. Haichuji. Inatuliza.

Dawa ya kwanza hutiwa mapema kabisa, dakika 10 au 15 kabla ya sufuria kuepuliwa. Ni kidonge chenye karajinani, nayo hiyo hutoka kwenye mwani. Mama wa dukani ananionyesha kidonge, mimi namwona mama wa Paje amekaa kwenye maji ya magoti, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba kati ya vijiti. Kilimo cha mwani Zanzibar kilianza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na walio wengi kwenye kazi hiyo ni wanawake. Aina inayofaa zaidi kwa kidonge cha bia ni kotonii, ndiyo hiyo hiyo yenye bei nzuri, na ndiyo hiyo hiyo iliyokufa kwa wingi maji ya pwani yalipozidi joto, wakulima wakabaki na spinosamu inayovumilia lakini inalipa kidogo. Hilo nitaliandikia siku yake.

Dawa ya pili ndiyo ya mzee, inayotiwa mwishoni dhidi ya hamira. Inaitwa isinglasi. Ni maji mazito mazito ya rangi ya uji mwepesi, ndani ya chupa ya plastiki inayokaa kwenye friji. Imetengenezwa kwa nini? Bondo la samaki.

Watu wa kanda ya ziwa mmeshanielewa. Kwa wa bara kavu: bondo ni ule mfuko wa hewa tumboni mwa samaki unaomwezesha kuelea. Waingereza zamani walileta mabondo ya samaki aina ya sturgeon kutoka Urusi, ghali kupindukia, mpaka mwaka 1795 fundi wa Kiskoti William Murdoch alipoonyesha kwamba bondo la samaki wa kawaida wa bahari ya huku, chewa wa baridi, linafanya kazi ileile. Baadaye wakahamia samaki wa nchi za joto, na sangara wetu amekuwa mmojawapo. Chupa ya mzee haikutaja samaki wake ni yupi, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni wa Ziwa Victoria. Lakini nilimpigia mama simu jioni ile ile. Baada ya shikamoo nikamuuliza kama anajua mabondo yanaenda kufanya nini Ulaya.

"Mabondo si yanaenda China, mwanangu? Wanakula supu."

Nikamwambia mengi ndiyo, lakini na huku yamekuwa yakiing'arisha bia. Kimya. Kisha: "Umeenda kusoma au umeenda kupika pombe?"

Supu ya Hong Kong na China ndiyo inayolipa, na bondo kavu siku hizi lina thamani kuliko mnofu wa samaki aliyelibeba. Ajabu ya sangara ni hiyo. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawameza wenzake, akajenga viwanda, akatengenezewa ile filamu ya mwaka 2004 iliyotuudhi wengi, na kumbe tumbo lake lilikuwa na biashara nyingine ya pembeni. Kwa upande wa bia soko linapungua. Guinness walitangaza mwaka 2015 kwamba wanaacha isinglasi ili wasiokula kitu cha mnyama nao wanywe. Wapishi wa nyumbani wengi wanatumia jelatini, ambayo inatokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe (najua, najua), au maji ya silika ambayo hayana mnyama kabisa. Zote zinafanya kazi. Isinglasi ina udhaifu wake: ikipita nyuzi 20 inaanza kuvunjika na kupoteza nguvu. Chupa ya mzee ingewekwa mezani Mwanza mchana mmoja tu, ungekuwa umebaki na gundi.

Nikarudi nyumbani na maelezo yangu, nikijiona nimeivunja kesi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema baba yake alikoroga kwa mwiko miaka 40 na bia haikuharibika hata siku moja.

Jibu hilo lilinisumbua usiku kucha, maana sikuona sababu ya mzee kudanganya. Kisha nikaikumbuka mbege. Wachagga wanapika ndizi mbivu, zinachacha, wanachanganya na uji wa kimea cha ulezi, wanatia gome la msesewa kuleta uchungu. Inakorogwa wazi, inachotwa kwa kata, inapita kwenye mikono ya kijiji kizima, oksijeni inaingia itakavyo. Na hakuna mtu Kilimanjaro aliyewahi kulalamika kwamba mbege ina ladha ya boksi. Haipati muda. Imeiva leo, imekwisha kesho, na keshokutwa ni siki, hakuna anayeitamani. Ukungu wake nao hauna shida, kwani nani anaangalia ndani ya kibuyu? Hata Waingereza walianza kuijali bia kung'aa zaidi pale glasi zilipokuwa rahisi, karne ya 19. Kabla ya hapo walikunywa kwenye vikombe vya udongo na madini, gizani kama sisi.

Asubuhi nikamuuliza mzee: pipa la baba lilikuwa linakaa siku ngapi likishafunguliwa? Akacheka, mara ya kwanza nimsikie. Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Marafiki wa reli walilimaliza.

Basi hapo ndipo tulipoelewana. Bia ya baba haikuwa na kinga yoyote. Ilikuwa na wanywaji. Bia ya mzee haikuwa na wanywaji, na wiki ile ile mdogo wake alikuwa amepiga simu kwamba safari imesogezwa kutoka mwisho wa Januari mpaka katikati ya Machi, daktari hajamruhusu kupanda ndege. Bia ilikuwa imeshapikwa. Ilikuwa jikoni imemaliza kuchacha, kipimo cha sukari hakisogei kwa siku tatu. Ingelazimika kukaa wiki saba.

Mzee ni mtu wa reli, anapenda majaribio. Akasema lita 4 tutazifanyia kama baba, lita 16 kama yule mama wa dukani, zote zitakaa banda moja ili asije mtu akasingizia baridi. Nikakubali haraka kabla hajabadili mawazo.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa wale wanaotaka kujaribu, walioko mahali sheria inaruhusu. Kabla ya kuitoa ndoo jikoni tulikitoa kile kidude cha maji na kuchomeka badala yake puto la foili, lile la sherehe za kuzaliwa, ambalo mzee alilijaza hewa ukaa kutoka kwenye mtungi wake mdogo. Ndoo ilipopoa bandani usiku ule ilivuta pumzi kutoka kwenye puto. Asubuhi puto lilikuwa limenywea kama zabibu kavu, na mimi nikapiga picha. Furaha gani ile! Ile robo lita yangu ya kwenye kikokotoo ilikuwa pale mbele ya macho, tena zaidi.

Tukatoa lita 4 za mzee kwa koki, huku mtungi ukirudisha gesi taratibu juu ili ndoo isivute hewa. Zake akazitia kwenye chupa kubwa ya kioo, akamimina isinglasi, akakoroga kwa mwiko wa baba. Sikusema neno. Za kwangu, nilivuta isinglasi kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nikaipitisha kwenye tundu dogo la mpira juu ya mfuniko. Mfuniko haukufunguliwa. Kisha nikaizungusha ndoo mahali pake polepole, kama mtu anayechanganya maziwa ya mtoto asitake kumwamsha. Tukaondoka.

Siku mbili baadaye ilikuwa imetulia. Kuihamisha ndipo mikono ya mzee ilipokuwa inamponza zamani, na ndipo mpango wa mama wa dukani ulipokuwa mzuri kuliko wote, kwa sababu hauhitaji mikono. Kwanza unaijaza kegi maji yenye dawa ya kuua vijidudu mpaka juu kabisa, pasibaki nafasi ya hewa. Kisha unayasukuma maji yote nje kwa hewa ukaa. Kegi inabaki tupu machoni, lakini ndani yake hakuna hewa ya kawaida. Ndoo inakaa mezani, kegi sakafuni. Mpira wa kwanza unatoka kwenye koki ya ndoo kwenda kwenye njia ya bia ya kegi, inayofika mpaka chini. Mpira wa pili unatoka kwenye njia ya gesi ya kegi kurudi kwenye tundu la mfuniko wa ndoo. Unafungua koki. Bia inashuka kwa uzito wake, na kila lita inayoingia kwenye kegi inafukuza lita ya hewa ukaa inayopanda kwenda kujaza nafasi iliyoachwa kwenye ndoo. Wanabadilishana nyumba. Hakuna mlango wa nje.

Ilichukua kama dakika 20. Mzee alivuta kiti akakaa akiangalia, mikono mapajani. Ilikuwa bado inatetemeka na haikuharibu kitu. Sikumwangalia usoni, huku hawapendi.

Zile lita 4 nyingine alizivuta mwenyewe kwa mpira, kwenye chupa, na povu likamwagika kama kawaida. Hilo nalo sikulisema.

Sasa matokeo, maana najua mnaruka aya kutafuta matokeo. Wiki saba baadaye, mdogo mtu ameshafika, ameshalala usingizi wa safari siku mbili, tukakaa jikoni watatu. Mzee akamimina glasi mbili bila kutuambia ipi ni ipi. Zote mbili ziling'aa. Ningekuwa mpiga picha wa gazeti nisingeweza kukwambia tofauti, isipokuwa ukiziweka karibu karibu dirishani moja ilikuwa imekolea kidogo. Ile iliyokolea ilikuwa na boksi lake, lile lile la Krismasi, japo si kali hivyo. Hamira kidogo iliyobaki kwenye chupa pengine ilikula sehemu ya hewa. Nyingine ilinukia majani yaliyokatwa na marmaledi ya machungwa, na uchungu wake ulikuja mwishoni, ukakaa, ukaondoka. Si mtaalamu wa kuonja, lakini hata mama yangu angechagua.

Mzee alimgeukia mdogo wake akangoja. Mdogo mtu alinywa nusu glasi, akaiinua kwenye mwanga, akaiangalia muda mrefu.

"Ya baba haikuwahi kung'aa hivi," akasema.

Mzee akasema ilikuwa inang'aa. Mdogo mtu akasema haikuwa, ilikuwa kama maji ya mtaro, ndiyo maana mama yao aliwapa wageni kwenye vikombe vya bati. Wakabishana hapo saa nzima, na kegi ikazidi kushuka. Nilipopata nafasi ya kuingiza neno nikaeleza habari za bondo, na sangara, na Mwanza. Mdogo mtu akaweka glasi chini. Yeye Darwin ni mvuvi wa mwisho wa wiki, samaki wao mkubwa wa huko anaitwa barramundi, na nilipomwonyesha picha ya sangara kwenye simu akaapa kwamba ni yule yule aliyenenepa. Hakukosea sana: wote wawili ni wa jenasi moja, Lates. Akauliza kama barramundi naye ana bondo. Nikasema analo.

Mzee akamwambia asithubutu kulibeba kwenye ndege.